Atlas of Economic Complexity: tathmini ya mbangua korosho wa Newala

Msimu wa korosho uliopita nimekuwa nikiifungua Atlas of Economic Complexity, tovuti ya takwimu za biashara baina ya nchi, usiku baada ya kazi, mara kwenye simu yangu, mara kwenye kompyuta ya mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo Mtwara mjini. Nasimamia kikundi cha akina mama wabanguaji hapa Newala. Tulikuwa tunaandaa andiko la mradi kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake wametengewa asilimia 4, na ilitubidi tueleze soko letu liko wapi na tunashindana na nani. Kijana akaniambia, "Shangazi, usiandike kwa kubahatisha. Takwimu za nchi zote zimewekwa mahali pamoja, tena bure."

Natanguliza jibu kwa wasio na muda. Ni chombo kizuri, kimetengenezwa na watu wanaoheshimu ushahidi, na kila mwenye kiwanda kidogo, kila ofisa biashara wa wilaya na kila diwani wa mikoa ya kusini anafaa kukijua. Lakini kwa korosho kina upofu mkubwa. Usipoujua, utatoka pale ukiamini kwamba Tanzania na Vietnam zinafanya kazi ileile.

Atlas ni tovuti ya watafiti wa Growth Lab katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kiongozi wao ni Ricardo Hausmann, Mvenezuela aliyewahi kuwa waziri wa mipango wa nchi yake miaka ya 1990. Mwaka 2007 yeye na wenzake, akiwemo mwanafizikia César Hidalgo wa Chile, walichapisha katika jarida la Science ramani ya bidhaa zinazouzwa baina ya nchi. Kila nukta ni bidhaa. Bidhaa mbili zinaunganishwa kwa mstari pale ambapo nchi inayofaulu kuuza moja aghalabu hufaulu kuuza na ya pili. Hoja yao ni kwamba mashati na suruali zinakaa jirani kwa sababu ujuzi, mashine na mafundi ni walewale, na kwamba nchi hupanda kwa kurukia bidhaa iliyo karibu na ile inayoiweza tayari. Katikati ya ramani wamesongamana mashine, kemikali na magari. Pembezoni wametawanyika mafuta ghafi, madini na mazao ya shambani. Nukta yetu iko huko pembezoni.

Takwimu zinatoka kwenye hazina ya biashara ya Umoja wa Mataifa, na hapa ndipo nilipoanza kuwaamini. Hawachukui tu kile nchi ilichoripoti kuuza. Wanakilinganisha na kile mnunuzi aliripoti kununua, kisha wanapatanisha hesabu hizo mbili. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha chama cha msingi cha ushirika, akasikia uzito wa ghala na uzito wa mnunuzi vinavyopishana, ataelewa thamani ya kazi hiyo.

Ukifungua ukurasa wa Tanzania unapata mraba mkubwa uliogawanywa visanduku vya rangi, na ukubwa wa kila kisanduku ni thamani ya bidhaa hiyo. Dhahabu inajitokeza mara moja. Unaweza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, na kwa mpangilio wa zamani wa bidhaa unafika hadi 1962. Mimi nilikaa sana kwenye mwaka 2018. Kisanduku chetu kinasinyaa ghafla. Kila mtu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma anakumbuka sababu: Novemba ya mwaka ule bei za wanunuzi zilikuwa chini, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Nia ilikuwa zibanguliwe hapa nchini. Mashine za kubangua mzigo wa kiasi kile hazikuwepo, korosho zikakaa maghalani kwa miezi, na sehemu kubwa ikaja kuuzwa ghafi. Kuliona jambo uliloliishi likiwa limechorwa hivyo, mbele ya macho yako, kunakupa heshima kwa takwimu.

Sasa upofu wenyewe. Ukibonyeza kisanduku hicho, jina linalotokea si korosho peke yake. Ni kundi zima: nazi, korosho na njugu za Brazil, chini ya namba 0801 ya forodha. Ramani ya bidhaa pamoja na hesabu zake zimejengwa kwa namba za tarakimu 4, na kwenye tarakimu 4 korosho yenye ganda na korosho iliyobanguliwa ni kitu kimoja. Gunia linalotoka bandari ya Mtwara na boksi la korosho nyeupe linalotoka Vietnam vinaingia kwenye nukta ileile. Kwa hiyo ukiiuliza Atlas, "Tanzania inaweza kurukia bidhaa gani kutoka kwenye korosho?" hatua ya kwanza kabisa, hatua ya kubangua, haionekani.

Niieleze hatua hiyo, maana wapo wanaodhani ni jambo dogo. Korosho hupitishwa kwenye mvuke, kisha huachwa ipoe. Mbanguaji anakaa kwenye mashine ya kanyagio, anaipanga korosho kati ya visu viwili, mguu unabana, mkono unapindua, ganda linafunguka. Ndani ya ganda kuna mafuta yanayochoma ngozi mpaka ibabuke, kwa hiyo kabla ya kuanza anajipaka mafuta ya kula na majivu mikononi. Korosho iliyotoka inaingia kwenye kikaushio, halafu inamenywa ngozi yake nyembamba kwa vidole na kisu kidogo, halafu inapangwa kwa madaraja: nyeupe nzima, nusu, vipande. Ikivunjika kwenye kisu inashuka daraja papo hapo na bei inashuka nayo. Mwanamke mwenye mkono mzuri anaokoa nzima nyingi, na mkono huo haupatikani kwa semina ya siku moja. Huo ndio ujuzi ambao akina Hausmann wanasema unabeba uchumi wa nchi, na ramani yao imeuruka.

Dawa yake ipo, nayo pia ni bure kwetu. Nenda Trade Map, tovuti ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichopo Geneva. Unajiandikisha, kisha unatafuta kwa tarakimu 6: 080131 ni korosho yenye ganda, 080132 ni iliyobanguliwa. Hapo picha inanyooka. Korosho ya Tanzania kwa sehemu kubwa inatoka na ganda lake kwenda India na Vietnam, na Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza iliyobanguliwa tangu katikati ya miaka ya 2000. Jedwali hilo ndilo tuliloliweka kwenye andiko letu, na ndilo lililozungumziwa zaidi kikaoni.

Kwa nini Vietnam inatushinda, wakati mkorosho uko nyuma ya nyumba yetu? Swali hili Atlas haikujibu, nikalazimika kulitafutia jibu kwingine, na naliweka hapa kwa sababu bila jibu hilo takwimu hazina kazi. Mavuno yetu yanaanza Oktoba na yanaelekea kwisha mwanzoni mwa mwaka, wakati ambao India, Vietnam na Afrika Magharibi hawana korosho mpya. Wao huvuna kuanzia Februari. Ndiyo maana korosho yetu ghafi inagombewa na ndiyo maana inapata bei. Kwa mkulima ni baraka. Kwa mbanguaji wa hapa ni mlima, kwa sababu analazimika kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache, mnadani, kwa pesa ya mkopo, akishindana na kampuni ambazo mwezi Machi zitahamia Ivory Coast na Cambodia, na mashine zao hazitazima.

Hesabu ni hii. Oktoba 2024 minada ya mwanzo ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inadai kilo 4 na zaidi za ghafi, na zikiwa na ubora hafifu zinafika 5. Kabla hujamlipa mbanguaji, kabla ya kuni, umeme, mifuko na riba, tayari una shilingi 16,000 hadi 20,000 ndani ya kilo moja. Bei ya dunia haiachi nafasi kubwa juu ya hapo. Ofisa mikopo wa benki moja alituambia tatizo letu ni kukosa juhudi. Nilimwandikia hesabu hii kwenye karatasi nikamwachia mezani.

Ndipo linapokuja suala la sera ya viwanda, na ndipo ninapoona watu wengi wanaongea bila ushahidi. Kundi moja linasema Serikali iache soko lifanye kazi. Lingine linasema pigeni marufuku korosho ghafi kesho asubuhi. Nchi tajiri zenyewe zimerudi kwenye sera hizi kwa nguvu: Marekani mwaka 2022 ilipitisha sheria ya kutoa zaidi ya dola bilioni 50 kwa ajili ya viwanda na utafiti wa chipu za kielektroniki, na watafiti walioshirikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa walihesabu hatua zaidi ya 2,500 za sera ya viwanda duniani kwa mwaka 2023 pekee. Swali lililobaki ni sera ya namna gani, na inapimwa kwa nini.

Majirani zetu wa Msumbiji wametuachia somo lililopimwa vizuri. Miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, walipunguza kodi ya kusafirisha korosho ghafi wakitegemea mkulima atapata bei nzuri. Viwanda vya kubangua vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walikuja kupiga hesabu ya nani alipata nini. Walikuta kwamba faida ya wakulima huenda haikuzidi dola milioni 5.3 kwa mwaka, yaani dola 5.30 kwa kaya moja ya mkulima wa korosho. Sehemu ya bei iliyopanda iliishia kwa wafanyabiashara wa kati, na hasara ya ajira mijini ilifuta sehemu kubwa ya faida iliyopatikana. Nimesoma hesabu ile nikamfikiria mama yangu mzazi, aliyekuwa mbanguaji enzi za viwanda 12 vya Serikali vilivyojengwa kusini na pwani miaka ya 1970, ambavyo vingi havikudumu na vingine viligeuzwa maghala. Dola 5.30 haimrudishii mtu kazi yake.

Lakini ushahidi huohuo haumpi ushindi yule wa marufuku. Viwanda vyetu vya miaka ya 1970 vilikuwa na kinga, vilikuwa na mitambo ya kigeni, na bado vilikwama: uzalishaji wa korosho uliokuwa umefika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ulishuka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na mtambo usio na korosho ni chuma tu.

Mfano ninaoupenda ni Ivory Coast. Serikali yao iliweka ruzuku ya faranga 400 za CFA kwa kila kilo ya korosho iliyobanguliwa na kusafirishwa. Angalieni ruzuku inalipwa kwenye nini. Hailipwi kwa kujenga ukuta, wala kwa kukata utepe. Inalipwa boksi likishatoka bandarini. Miaka kumi na kitu iliyopita walikuwa wanabangua makumi ya maelfu ya tani. Sasa wanapita tani 200,000 kwa mwaka. Korea Kusini ilifanya jambo linalofanana nalo enzi za Park Chung-hee, pale mikopo nafuu ilipofungamana na kiasi unachouza nje, na rais mwenyewe akikaa kwenye kikao cha kila mwezi kukagua mauzo. Mtafiti Nathan Lane amezichambua takwimu za mpango wao wa viwanda vizito na kemikali wa 1973 hadi 1979, akakuta viwanda vilivyolengwa vilikua kuliko vingine, vikawanufaisha na wanaonunua bidhaa zao, na manufaa hayo hayakuyeyuka mpango ulipokwisha.

Sisi tayari tuna nyenzo. Korosho ghafi inayosafirishwa inatozwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayolipwa. Zamani asilimia 65 ya pesa hiyo ilirudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Ombi langu, na nimelisema kwenye kikao cha chama cha msingi: sehemu ya tozo ile ilipwe kwa kila kilo iliyobanguliwa na kuuzwa, kwa kiwanda kikubwa na kwa kikundi kama chetu, kwa risiti. Asiyebangua asipate. Kongani ya viwanda vya korosho inayojengwa Maranje, hapa mkoani Mtwara, itafaidika na utaratibu huo kuliko hotuba yoyote.

Nirudi kwenye Atlas, maana kuna mambo ya matumizi ambayo mtu angependa kuyajua mapema. Kwenye simu inafunguka, ila ramani ya nukta inataka kioo kikubwa. Kwa kidole utakuwa unabonyeza nukta ya jirani kila mara. Inakula bando, hivyo pakua jedwali moja ukalifanyie kazi bila mtandao. Lugha ni Kiingereza, na cha kitaalamu kweli, na hili linaniuma, kwa sababu wanaohitaji takwimu hizi zaidi ni watu ambao mijadala yao yote ya bei inafanyika kwa Kiswahili. Takwimu zinachelewa mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo usiitumie kupanga mauzo ya mnada ujao. Nchi inahesabiwa kwa ujumla: karafuu ya Pemba imo humo kama bidhaa ya Tanzania, wala huwezi kuitenga Mtwara na mikoa mingine.

Na kuna orodha yake ya bidhaa mpya ambazo nchi ingeweza kuzijaribu, iliyopangwa kwa ukaribu na kwa faida. Inavutia sana kuitazama. Mtoto wa kaka aliisoma kwa furaha, akaniuliza, "Kwa hiyo Shangazi, tuanze na kipi hapa?" Nikamwambia asome tena. Orodha ile inasema bidhaa ipi iko jirani na ujuzi wa nchi. Haisemi umeme utakatika mara ngapi, riba ni asilimia ngapi, wala nani ana mashine. Watafiti wenyewe hawadai kwamba inasema hayo. Wanaoitumia maofisini ndio wanaoichukua kama orodha ya sokoni.

Kwa mizani yangu naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imekatwa kwa sababu ya 0801. Trade Map naipa 4 pia: haina ramani ya kuvutia na kurasa zake zinachosha, lakini inajua kutofautisha ganda na kiini. Zitumieni pamoja.

Anayetaka kuanza, na aanze hivi. Fungua ukurasa wa Tanzania kwenye Atlas, chagua mwaka wa karibuni, uone zao lako lina ukubwa gani mbele ya mengine. Halafu fungua ukurasa wa nchi inayonunua zao lako, uangalie wao wanauza nini. Hapo utaona mahali ujuzi wako unapoishia na wa kwao unapoanzia. Kisha hamia tarakimu 6. Sisi tulipofika hapo tukagundua kwamba soko la vipande halijaandikwa popote: waoka keki, wauza aiskrimu na wakaanga bagia wa Mtwara na Dar es Salaam wananunua vipande vyetu kwa kilo mbili tatu, kwa pesa ya simu, na hakuna forodha inayowahesabu. Tumeanza daftari letu wenyewe, tarehe, kilo, bei na daraja, na mwisho wa msimu huu tutaliweka kwenye andiko jipya kando ya jedwali la 080132.